Ubini wa Kifaransa, ukoo wa Kidakota

Ukipitia orodha za Wadakota, wenyeji wa asili wa Minnesota na majimbo jirani, utakutana na ubini ambao hutarajii kuukuta huko: Laframboise, Renville, Faribault. Laframboise kwa Kifaransa ni tunda, lile dogo jekundu la vichakani. Anayebeba jina hilo leo na kutaka kujua asili yake kwa kawaida hufuata linakomwelekeza: kwanza Quebec, halafu bandari, halafu kijiji fulani cha Ufaransa. Njia hiyo ni nyepesi, kwa sababu mapadri wa Kanada waliandika ubatizo, ndoa na mazishi kwa uangalifu mkubwa. Ninavyoona mimi, wepesi huo ndio unaompoteza mtafuta nasaba. Majina haya yaliingia kwa Wadakota kupitia wanawake, na anayeanza na babu Mfaransa huishia na nusu ya ukoo, tena ile nusu ambayo haikuwahi kupotea.

Tuangalie kwanza biashara yenyewe. Mnunuzi wa ngozi aliyefika Mto Minnesota kutoka Montreal au Mackinac alitoa bunduki, baruti na mablanketi kwa mkopo kabla ya majira ya baridi, akangoja ngozi theluji ikiyeyuka. Mkopo wa namna hiyo haukuwa na mahakama ya kuudai. Ulidaiwa kupitia shemeji na baba mkwe, na asiyekuwa na wakwe hakuwa na dhamana. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi walioa kwenye vijiji walikouza. Joseph Renville, aliyezaliwa mwaka 1779 kwa mama Mdakota na baba Mkanada mwenye asili ya Kifaransa, ni zao la ndoa ya aina hiyo. Ubini wa baba yake uliandikwa Rainville, na baadaye ukawa Renville. Lakini kilichompa Renville nafasi yake katika historia ni lugha ya mama. Huko Lac qui Parle, baada ya misheni kufunguliwa mwaka 1835, mmisionari alimsomea aya ya Biblia kwa Kifaransa, yeye akaitamka kwa Kidakota, na wenzao wakaandika. Hata jina Lac qui Parle, yaani ziwa linalosema, ni tafsiri tu ya jina ambalo Wadakota walikuwa wamekwisha kulipa ziwa hilo.

Laframboise ni mfano mzuri zaidi, maana linadanganya mara mbili. Kanada ya Kifaransa ilikuwa na desturi ya majina ya utani, mengi yakitoka jeshini, yaliyokaa pembeni ya ubini na mwishowe kuufukuza. Ndugu wawili wa baba mmoja waliweza kuacha wajukuu wenye majina mawili tofauti. Hilo la kwanza. La pili ni kwamba Joseph Laframboise, aliyefanya biashara Minnesota na kumwoa binti wa chifu Mdakota, Sleepy Eye, hakuwa Mfaransa mtupu. Mama yake, Magdelaine Laframboise wa Mackinac, alikuwa binti wa Mfaransa na mwanamke wa taifa la Odawa, na mumewe alipouawa mwaka 1806 aliendesha biashara ya ngozi mwenyewe. Kwa hiyo jina moja la tunda linaficha mataifa matatu, na mawili kati yake yaliingia kwa upande wa kike.

Upande wa Wadakota nao una mitego yake. Hawakuwa na ubini wa kurithishana. Mtoto alipewa jina la mpangilio wa kuzaliwa: binti wa kwanza ni Winona, mwana wa kwanza ni Chaske, kama Mtanzania anavyoelewa Kulwa na Doto bila kudhani kuwa Doto wote ni ndugu. Anayeandika kwenye mti wake “bibi yetu aliitwa Winona” ameandika tu kwamba bibi alikuwa kifungua mimba wa kike. Kosa la kuchanganya majina hayo liliwahi kugharimu uhai. Wadakota 38 waliponyongwa Mankato baada ya vita vyao na Marekani, tarehe 26 Desemba 1862, mmoja wao alikuwa Chaska (jina lilelile Chaske) ambaye Rais Lincoln hakuwa ameidhinisha anyongwe. Aliyekuwa kwenye orodha ni mwingine mwenye jina linalofanana. Wapo wanaoshuku kwamba haikuwa bahati mbaya.

Ubini ulipoanza kutumika, si lazima uwe ulitoka kwa baba. Daktari Charles Eastman, Mdakota maarufu kuliko wengi wa kizazi chake, alikuwa na ubini wa mchoraji na mwanajeshi Seth Eastman, babu yake mzaa mama. Baba yake, aliyekuwa Mdakota, alipokuwa Mkristo alichukua ubini wa ukoo wa marehemu mkewe. Ukiufuata ubini huo ukidhani ni njia ya baba, unahamia ukoo mwingine bila kujua. Na ni Eastman huyuhuyu aliyeajiriwa na serikali kuanzia mwaka 1903 kuwapangia Wasioux, jina la jumla linalowajumuisha Wadakota, ubini wa kifamilia.

Nitaulizwa: kama wanawake hawakuandikwa, tuwatafute wapi? Waliandikwa, ila kwa nadra, na mahali penye maslahi. Mkataba wa Prairie du Chien wa mwaka 1830 ulitenga ardhi kando ya Ziwa Pepin kwa ajili ya machotara wa Kidakota, na sheria ya mwaka 1854 ikaruhusu wabadilishiwe ardhi hiyo kwa hati za ardhi kwingineko. Ili upate hati ilibidi uthibitishe damu ya Kidakota, na damu hiyo karibu kila mara ilipitia kwa mama au bibi. Ni kweli kwamba palipo na ardhi pana walanguzi na viapo vya uongo, kwa hiyo orodha moja haitoshi; inapaswa kupimwa na ya malipo ya mikataba, na rejista za misheni.

Wengine watasema kipimo cha vinasaba kimemaliza ubishi. Hakijamaliza. Babu wa kizazi cha saba nyuma huacha wastani wa chini ya asilimia 1 ya vinasaba, na vipimo vinavyouzwa madukani haviwezi kumtenga Mdakota na Mwojibwe jirani yake. Makabila yenyewe huandikisha wanachama kwa nasaba iliyothibitishwa kwa maandishi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ubini wa Kifaransa sasa ni wa Kidakota: Gabriel Renville alikuwa chifu wa Wasisseton na Wawahpeton, matawi ya Wadakota. Nakubali kabisa. Lakini uchifu huo hakuupata kwa kuwa Rainville wa Quebec.

Kuanzia mwaka 1885 hadi 1940 mawakala wa serikali waliandika sensa za watu wa maeneo yaliyotengwa kwa makabila. Katika nyingi kuna safu ya jina la asili, na pembeni yake safu ya jina la kizungu, kisha uhusiano: mke, binti, mama mkwe. Mtafutaji aanze na mama mkwe.