Jina Lijulikane, Uso Usiuzwe

Liko jambo moja nchini Marekani ambalo mgeni hulistaajabia sana. Mtu akikamatwa usiku, asubuhi yake jirani aweza kukaa barazani kwake, akafungua tovuti ya sherifu wa kaunti, akasoma jina la aliyekamatwa, umri wake, kosa analotuhumiwa, na kiasi cha dhamana aliyotakiwa kutoa. Katika kaunti nyingi ataiona hata picha ya uso wake, iliyopigwa mbele ya ukuta wa jela. Hakimu bado hajamsikiliza, wala hakuna shahidi aliyekula kiapo. Lakini mji mzima umekwisha kumtazama.

Wako wanaosema kwamba huo ndio uhuru wa habari, na wako wanaosema kwamba huo ni ukatili. Sisi twaona kwamba mambo mawili yaliyo mbali mbali yametiwa katika kapu moja. Kumjulisha mzazi mahali alipo mwanawe ni haki. Kumfanya mwana huyo kuwa bidhaa sokoni ni dhuluma. Yapasa mambo haya yatenganishwe.

Kwanza tueleze jela yenyewe, maana wengi huichanganya na gereza. Gereza nchini Marekani ni la jimbo au la serikali ya shirikisho, nalo ni la watu waliokwisha kuhukumiwa vifungo virefu. Jela ni ya kaunti. Aghalabu mwangalizi wake ni sherifu, ambaye katika majimbo mengi huchaguliwa kwa kura. Humo hutiwa wanaongoja kesi, na wale waliohukumiwa vifungo vifupi, kwa kawaida visivyozidi mwaka mmoja. Nchi hiyo ina kaunti zaidi ya 3,000. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, katikati ya mwaka 2023 jela hizo zilikuwa na watu wapatao 664,200, na katika kila watu 10 waliokuwamo, 7 walikuwa hawajatiwa hatiani. Katika muda wa miezi 12 iliyotangulia, milango ya jela ilifunguliwa kupokea watu mara milioni 7.6.

Basi asomaye daftari la jela ya kaunti asidhani anasoma orodha ya wahalifu. Kwa sehemu kubwa anasoma orodha ya watu wanaongoja, na wengi wao wangoja kwa sababu hawana fedha za dhamana.

Kwa nini daftari hilo liko wazi? Sababu yake ni njema. Mtu aliyefungwa mahali pasipojulikana si mfungwa tena. Ni mtu aliyepotea, na aliyemfunga aweza kumtenda apendavyo. Ndiyo maana sheria ya California yawataka polisi na masherifu watoe jina la kila aliyekamatwa, saa na mahali alipokamatwa, mashitaka yote yanayomkabili, kiasi cha dhamana, na mahali alipowekwa au namna alivyoachiliwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1966 juu ya uhuru wa habari haizifungi kaunti. Kila jimbo lina sheria yake. Kwa hiyo linalopatikana bure katika kaunti moja laweza kuhitaji barua na kungoja siku nyingi katika kaunti ya pili.

Uwazi huu huwalinda na walio nje. Mwezi wa Desemba mwaka 1993, katika kaunti ya Jefferson, Kentucky, ulipo mji wa Louisville, msichana mmoja aliuawa siku yake ya kutimiza miaka 21. Aliyemwua alikuwa amefungwa kwa kumshambulia msichana huyo huyo, kisha akaachiliwa kwa dhamana, wala hakuna aliyempelekea msichana habari. Mwaka uliofuata kaunti hiyo ilianzisha mpango wa kumpigia simu aliyedhulumiwa pindi aliyemdhulumu anapotoka jela. Leo mpango huo umeenea katika majimbo mengi. Nani atathubutu kusema kwamba habari ya namna hiyo ifichwe?

Hadi hapo hatuna ugomvi na daftari lililo wazi. Ugomvi wetu waanza pale mfanyabiashara anapoingia.

Mara tu kaunti zilipoanza kuweka picha za waliokamatwa katika intaneti, walitokea watu waliozikusanya kwa maelfu na kuzitia katika tovuti zao. Mtu alipotafuta jina lake, au mwajiri alipolitafuta, kilichotangulia kuonekana kilikuwa ile picha ya jela. Mwenye uso alipolalamika, aliambiwa alipe ili picha iondolewe, na bei yaweza kufika dola mia kadhaa. Akiilipa tovuti ya kwanza, picha huibuka katika ya pili. Georgia ilitunga sheria dhidi ya malipo hayo mwaka 2013, na ya California ikaanza kutumika mwaka 2015. Mwaka 2018 Mwanasheria Mkuu wa California aliwafungulia mashitaka ya kutoza fedha kwa vitisho watu wanne waliodaiwa kuwa wamiliki wa tovuti moja ya namna hiyo.

Ubaya wa biashara hiyo hauko katika bei peke yake. Uko katika jinsi kumbukumbu zenyewe zinavyotunzwa. Habari ya kukamatwa iko kwa sherifu. Habari ya mwisho wa kesi iko kwa karani wa mahakama. Ofisi hizi ni mbili, na vitabu vyao ni viwili. Shitaka likifutwa, karani huandika katika kitabu chake; ile picha iliyokwisha kunakiliwa haiandikwi kitu. Hivyo tuhuma hutembea dunia nzima, na kuachiliwa kwa mtu hubaki kabatini. Wazee wetu walinena kwamba mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Lakini hawa huitwa wezi hata kabla ngozi haijaonekana.

Mahakama zimeanza kuliona jambo hili. Katika kaunti ya Maricopa, Arizona, mtu mmoja alikamatwa, na picha yake ikawekwa katika tovuti ya sherifu kwa muda wa siku tatu hivi pamoja na jina na tarehe ya kuzaliwa. Mashitaka yake yakafutwa. Alishitaki, na mwezi wa Septemba mwaka 2024 mahakama ya rufani ya shirikisho inayohudumia majimbo ya magharibi iliamua kwamba kesi yake iendelee, kwa kuwa kumwanika hivyo mtu ambaye hajahukumiwa kwaweza kuwa adhabu iliyotangulia hukumu. Kabla ya hapo, mwaka 2019 New York ilikwisha kubana utoaji wa picha hizo. Na mwaka 2021 Utah iliamua kwamba picha isitolewe kwa umma, isipokuwa kwa sababu maalumu, mpaka mtu atiwe hatiani. Katika majimbo hayo daftari la majina halikufungwa. Kilichofunikwa ni uso.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao kwetu ni mzito zaidi. Nchi hiyo inayoanika nyuso za watu wake maskini iliwahi kuyaficha majina ya wageni.

Baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, mamia ya wageni, wengi wao Waislamu wa nchi za Kiarabu na za Asia ya Kusini, walikamatwa kwa makosa ya uhamiaji. Baadaye mkaguzi wa Wizara ya Sheria alihesabu 762. Wengi waliwekwa katika jela za kaunti za New Jersey, zikiwamo za Hudson na Passaic, ambazo zililipwa na serikali ya shirikisho kwa kuwatunza. Jamaa zao waliwatafuta wasiwaone. Sheria ya jimbo hilo ilikuwa ikimtaka mlinzi wa jela ya kaunti awe na kitabu cha majina kilicho wazi kwa watu. Wanasheria wa haki za raia wakaenda mahakamani, na mwanzoni mwa mwaka 2002 hakimu akaamuru majina yatolewe.

Serikali ya shirikisho ilijibu kwa haraka. Mwezi wa Aprili mwaka huo ilitoa kanuni inayoikataza jela yoyote ya jimbo au ya kaunti kutoa majina ya watu inaowashika kwa niaba ya idara ya uhamiaji. Mwezi wa Juni mahakama ya rufani ya New Jersey ilikubali kwamba kanuni hiyo ndiyo yenye nguvu. Kitabu kikafungwa. Kanuni hiyo ilizaliwa katika msiba wa siku zile, lakini haikuzikwa pamoja na siku zile.

Tazameni basi kinyume hiki. Mwenyeji akishikwa kwa ugomvi wa kilabuni, uso wake huanikwa kama nguo. Mgeni akilala katika jela hiyo hiyo kwa shauri la karatasi za uhamiaji, mlinzi hana ruhusa ya kutaja jina lake. Kitabu chafunguka pale kinapoaibisha, na chafungwa pale ambapo kingesaidia.

Kutoka mwaka 2010 idara ya uhamiaji imekuwa na chombo chake cha kutafutia watu katika intaneti. Lakini hicho hakitoi orodha. Humjibu tu yule aliye na namba ya faili ya mgeni, au jina kamili lililoandikwa sawasawa na lilivyo katika kumbukumbu zao, pamoja na nchi aliyozaliwa. Watoto wa chini ya miaka 18 hawamo kabisa.

Jambo hili latugusa sisi wenye Kiswahili. Wako ndugu zetu wengi huko, na hasa wakimbizi kutoka Kongo, katika miji kama Louisville ile ile tuliyoitaja. Mwaka 2025 idadi ya watu walioshikwa na idara ya uhamiaji ilipita 60,000, na baadhi yao wamo katika jela za kaunti. Mtu wetu huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Karani wa jela hulichukua la mwisho akalifanya la ukoo. Hamisi huandikwa Khamis, na Saidi huandikwa Said. Herufi moja yatosha kumpoteza mtu.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu walio na jamaa huko. Namba ya faili ya kila mmoja wa nyumba yenu iandikwe na iwekwe mahali salama, pamoja na jina kama lilivyoandikwa katika hati za uhamiaji. Mtu akishikwa na polisi wa mji au wa kaunti, anzeni kwa tovuti ya sherifu au kwa simu ya jela. Hilo halilipiwi, na tovuti zinazodai fedha kwa habari hizo mara nyingi zimezichukua huko huko. Jina likitoweka katika orodha, msidhani mara moja kwamba ameachiliwa. Huenda amekabidhiwa kwa idara ya uhamiaji. Hapo tafuteni katika chombo cha idara hiyo, na mjaribu kila namna ya kuliandika jina. Shauri lake litafuteni kwa karani wa mahakama. Wala msiusahau ubalozi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 wampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuambiwa bila kukawia kwamba aweza kuomba balozi wa nchi yake aarifiwe.

Liko bado daftari moja ambalo ni gumu kuliko yote kulipata, nalo ni la waliokufa. Shirika la habari la Reuters lilipotaka kujua ni watu wangapi hufia katika jela za Marekani, lililazimika kupeleka maombi ya kumbukumbu zaidi ya 1,500. Mwaka 2020 lilitangaza kwamba katika jela zaidi ya 500, kutoka mwaka 2008 hadi 2019, walikufa watu 7,571, na kati yao 4,998 walikuwa hawajatiwa hatiani kwa mashitaka yaliyowaweka humo. Picha ya aliye hai hupatikana kwa dakika moja. Habari ya aliyekufa humtaka mtu abishe hodi mara elfu. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua.

Wako watakaotujibu kwamba picha huwasaidia watu kumtambua mhalifu, na kwamba jina la mgeni likitangazwa laweza kumdhuru yeye mwenyewe au upelelezi. Hoja hizi si za kudharauliwa. Anayetoroka na kuhatarisha watu, picha yake na itolewe ili akamatwe. Bali huyu amekwisha kukamatwa. Na mgeni anayeogopa kutajwa, apewe yeye nafasi ya kuomba asitajwe. Asinyamazishwe na mlinzi wake kisha tukaambiwa kwamba huko ni kumhurumia.

Twasema basi bila kusita. Jina la kila anayeshikwa katika jela ya kaunti lijulikane, awe mwenyeji au mgeni, pamoja na mahali alipo, shitaka lake na siku ya kesi yake. Uso wake usitolewe mpaka mahakama imtie hatiani. Shitaka likifutwa, ofisi iliyolitangaza ilitangaze na hilo, kwa herufi kubwa zile zile. Na afaye humo atajwe bila mtu kulazimika kuomba. Daftari la jela liliwekwa ili mama apate kujua alipo mwanawe. Atakayelipima na alipime kwa haja ya mama huyo.