Bima ya Mvua kwa Mkulima Anayeogopa Tangazo

KONA YA NYANDA ZA JUU
Na Edina Mtewele

Watu wa bima wamefika Njombe. Tangu skimu ya bima ya kilimo ilipozinduliwa 2023, kampuni zimeungana kubeba mzigo ambao hakuna iliyotaka kuubeba peke yake, na Serikali ilikwishaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye bima za mazao. Ni jambo jema, silipingi. Ila ukiwasikiliza wanavyoinadi, ni ukame, ukame, ukame. Huku kwetu mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na mwaka wa kawaida hupita milimita 1,000. Mwulize mkulima wa viazi wa Uwemba anaogopa nini angani, atakutajia ugonjwa wa ukungu unaoletwa na unyevu uliozidi, atakutajia mvua ya mawe, atakutajia jalidi ya Juni na Julai inayobabua majani usiku mmoja. Ukame atautaja mwishoni, kama atautaja.

Kisha mwulize ni kitu gani kiliwahi kumfilisi. Hapo habari za angani ataziacha kabisa.

Wengi watakwambia ni 2017. Juni mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizuia mahindi kuuzwa nje, wakati huku mavuno ndiyo kwanza yanaanza. Nia ilikuwa kulinda chakula cha nchi, na wafanyabiashara wakaambiwa wauze unga badala ya nafaka. Sawa. Lakini mkulima alikuwa ameshanunua mbolea miezi minane nyuma, kwa hesabu ya soko lililokuwa wazi. Mashine ya kusaga unga wa kuuza nje ya nchi hakuwa nayo, na hakuna aliyemwambia ataitoa wapi. Bei ziliporomoka, na msimu uliofuata watu walikuwa wanauza kwa bei isiyorudisha hata gharama.

Machi 2021 ikawa zamu ya Kenya: ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa madai ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikalegeza na kutaka cheti kinachoonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2023 malori yalikwama Tunduma kwa sababu ya vibali. Aprili 2025 Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alifungia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kwa kuwa Malawi ilikuwa imezuia unga, mchele, ndizi na tangawizi zetu, na Afrika Kusini haikuwa inapokea ndizi zetu. Wengi tulimpigia makofi. Zuio liliondolewa siku chache baadaye, na pengine ndivyo ilivyopaswa. Lakini aliyekuwa na mzigo njiani siku hizo hakuwa na bima ya kumfidia, kwa sababu hakuna kampuni inayouza bima ya tangazo la waziri.

Tusiuone mpaka kama adui tu. Mwaka 2024, ukame ulipoichoma Zambia, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ulikubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Mpaka uleule uliotutia hasara ndio uliotuletea mteja. Kinachomsumbua mkulima ni kutojua lini utafungwa na lini utafunguliwa.

Twende Makambako, ambako reli ya TAZARA na barabara kuu ya Mbeya hukutana na barabara ya Songea, na ambako NFRA ina kanda yake na vihenge vipya vya mkopo wa Poland. Msimu wa kununua ukifunguliwa, foleni hujipanga. Mahindi hupita kwenye chekeche, kisha kipima unyevu kinachomwa ndani ya gunia, na namba inayosubiriwa ni 13.5 kwa mia. Ikizidi hapo, unarudi ukaanike. Sasa fikiria mtu wa ukanda wa baridi. Mahindi yake hukaa shambani muda mrefu kuliko ya Songea, na Julai bado ukungu wa asubuhi unayalowesha. Anatandaza turubai uani, anageuza kwa reki, anaanua jua likipotea saa nane. Anapofikisha 13.5 hana uhakika kama fungu la ununuzi bado lipo au wenye mahindi makavu wamelimaliza. Dalali anayajua yote hayo, na bei yake anaipanga kwa kuyaangalia hayo.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja. Kabla ya kumuuzia mkulima wa Njombe bima, Serikali iondoe hatari inayoitengeneza yenyewe. NFRA itangaze bei ya chini na kiasi itakachonunua kila kanda mwezi Oktoba, kabla mtu hajalipia mfuko wa mbolea ya kupandia. Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Mbeya Agosti 8, 2022 ilishusha bei ya mfuko hadi shilingi 70,000, na hiyo ilikuwa ahueni kubwa. Lakini ruzuku inakusaidia kuingia shambani. Kutoka unatoka mwenyewe.

Watu wa hazina watasema haiwezekani: ukiahidi bei kabla ya mavuno, mwaka wa neema utakufilisi. Wana hoja. Wakala wa hifadhi ya chakula wa Zambia umewahi kununua hadi ukabaki unadaiwa na wakulima. Ndiyo maana nasema bei ya chini, tena chini kweli, na kiasi chenye kikomo. Mkulima hataki kutajirishwa na ghala la Taifa. Anataka kujua sakafu iko wapi ili aamue: mahindi ekari nne, au mbili na zinazobaki viazi.

Na viazi navyo vina mkosi wake. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haitaki gunia lizidi kilo 100, lakini lumbesa bado linashonwa mchana kweupe: gunia linajaa, mdomoni linaongezewa kipande cha gunia lingine kwa kamba, viazi vinapangwa hadi kinasimama kichwa, na vijana watatu wanahangaika kulipandisha kwenye fuso. Mkulima analipwa gunia moja. Hili halihitaji bima wala skimu. Linahitaji mizani kijijini na askari asiyegeuza uso gari likipita.

Bajeti ya Wizara ya Kilimo kwa kawaida husomwa Dodoma mwezi Mei. Wabunge wetu wa Njombe, Makambako, Wanging'ombe, Lupembe, Makete na Ludewa wana nafasi ya kusimama na kuuliza swali fupi: bei ya chini ya msimu ujao itatangazwa tarehe ngapi? Waziri akijibu kwa tarehe, iandikwe kwenye Hansadi.