Kunde za Mama Zilinitia Aibu

Wahenga hawakukosea walipolonga kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Msomaji mpenzi, mtumwa huyo nilikuwa mimi.

Nilikuwa kidato cha pili hapa Kitale. Siku ya wazazi ilipofika, mama aliondoka Bungoma alfajiri kwa matatu, kikapu amekipakata. Wenzangu walikuwa wakitafuna kuku na chipsi pale kwenye nyasi. Mama akanifunulia bakuli la kunde zilizoungwa kwa karanga, pamoja na ugali wa wimbi. Aka! Nililifunika bakuli haraka nikasema, "Mama, nimeshiba." Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya mwanangu, nitawapelekea wadogo zako." Bakuli likarudi lilivyokuja.

Muhula uliofuata kitinda mimba wetu alipelekwa zahanati, akaonekana damu imepungua. Muuguzi aliuliza mtoto anakula nini. Kumbe ni ugali na chai tu! Mboga hataki, eti kwa sababu "kaka hali." Jameni, maneno hayo yalinichoma kuliko kiboko.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Trans Nzoia yetu husifiwa kuwa ghala la taifa. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa papa hapa Kitale mwaka wa 1956, na mahindi yetu hulisha wengi. Lakini je, ghala likijaa, mwili nao umejengeka? La hasha! Mahindi hutia nguvu, ila protini yake ina upungufu wa lisini. Maharagwe yana lisini tele. Ndiyo maana githeri tunayoipigia kelele hapa shuleni inashinda ugali kwa chai mara nyingi.

Wapo wasemao mboga za kienyeji ni chakula cha maskini. Mimi napinga. Kunde, mrenda, saga na managu zina madini ya chuma na kalisi, na majani yake ya kijani kibichi huupa mwili vitamini A. Hata ulimwengu umetambua. Mwaka wa 2021 UNESCO iliiorodhesha kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili, kazi iliyowagusa majirani zetu Wapokot na Waisukha wa Kakamega. Sisi tunaona haya, wenzetu wanatupa heko!

Tatizo, naona mimi, liko jikoni. Tunakata mboga kisha ndipo tunaziosha, tunazichemsha mpaka zinageuka rangi, halafu maji tunamwaga. Vitamini zote chooni! Osha kwanza, kata baadaye, pika kwa muda mfupi. Tia nyanya na mafuta kidogo, maana vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipate. Mrenda hutaka magadi ulainike, sawa, lakini yakizidi huharibu vitamini C na B1. Chai nayo ingoje saa moja hivi baada ya chakula, kwani huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Badala yake kula pera au chungwa, ambalo husaidia madini hayo kuingia mwilini.

Sisemi nyama ni sumu. Asiyekula nyama asisahau maziwa na mayai, kwa maana vitamini B12 haipatikani kwenye mboga. Ninachosema ni kwamba mtu asidanganywe kuwa bila nyama hajala.

Wanachama wenzangu, mbona kila siku tutunge mashairi ya kusifu mila na desturi, na kunde hatuzitaki? Napendekeza chama chetu kiombe kipande cha shamba nyuma ya madarasa tupande kunde na managu. Mbegu nitaleta mimi kutoka kwetu.

Likizo iliyopita nilimwomba mama anipikie zile zile kunde za karanga. Alinitazama kidogo, kisha akaenda kuchuma bila neno. Tulipoketi kula, kitinda mimba alinikodolea macho mpaka nikameza tonge la kwanza. Nikaongeza la pili. Ndipo naye akanyoosha mkono.

Nawe msomaji, unapoisukuma sahani kando, ni nani anayekutazama?