Sinema Inapomwamkia Mzee Wake

Wapo wapenzi wa sinema ambao, wakiona tukio linalofanana na lile waliloliona katika picha ya zamani, hukimbilia kusema, "Huyu kaiba!" Tuhuma hiyo aghalabu huwa ya haraka. Mwizi huchukua kitu na kuficha alikokitoa. Kijana mwenye adabu humwamkia mzee wake mbele za watu, kisha akasema neno lake mwenyewe. Leo tutazame picha mbili za Marekani, zilizoachana kwa miaka 68, ambazo uhusiano wake ni wa namna hiyo ya pili.

Mzee ni Rear Window, ya Alfred Hitchcock, iliyotolewa mwaka 1954. Mpiga picha aitwaye Jefferies, anayechezwa na James Stewart, amevunjika mguu na hana budi kukaa kwenye kiti cha magurudumu chumbani mwake, jijini New York. Ni majira ya joto kali, na madirisha yanayoelekea uani yako wazi. Kwa kuchoshwa na kukaa bure, anaanza kuchungulia maisha ya majirani, kwanza kwa macho matupu, halafu kwa darubini, hatimaye kwa lenzi ndefu ya kamera yake. Usiku mmoja anasikia ukelele wa mwanamke. Tangu hapo, mke mgonjwa wa jirani mmoja haonekani tena.

Hitchcock aliujenga ua huo pamoja na nyumba zake ndani ya studio ya Paramount, na karibu picha nzima kamera haitoki chumbani mwa Jefferies. Mchumba wake Lisa, anayechezwa na Grace Kelly, anapoingia nyumbani kwa mtuhumiwa na kukutwa humo, Jefferies anaona kila kitu wala hawezi kuinuka. Nasi tulio vitini hatuwezi. Hapo ndipo ilipo siri ya hofu ya picha ile.

Kijana ni Kimi, iliyoandikwa na David Koepp na kuongozwa na Steven Soderbergh, ikatolewa mwaka 2022. Angela, anayechezwa na Zoë Kravitz, anaishi peke yake katika jiji la Seattle. Miguu yake ni mizima. Kilichomfunga ni woga. Alipata kushambuliwa, na janga la korona likauzidisha woga huo, hata kuvuka kizingiti cha mlango kumekuwa kazi kubwa. Huajiriwa humo humo nyumbani na kampuni inayouza chombo kiitwacho Kimi, ambacho huwekwa sebuleni na kutii amri za sauti: washa taa, piga muziki. Chombo kinaposhindwa kuelewa amri, sauti iliyonaswa hupelekwa kwa Angela aisikilize na kusahihisha. Siku moja, chini ya kelele za muziki, anasikia mwanamke akidhuriwa.

Salamu za kijana kwa mzee ziko wazi. Mhusika amefungiwa ndani, mbele yake kuna dirisha na majirani wa ng'ambo, darubini ipo, na wenye mamlaka hawataki kusadiki. Soderbergh anamwamkia na mzee wa pili, The Conversation, ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1974, ambamo fundi wa kunasa sauti huzichuja kanda zake mpaka maneno yaliyofichika yasikike. Angela naye huchuja vivyo hivyo.

Hata sheria imepata kuulizwa juu ya jambo hili. Picha ya Disturbia, ya mwaka 2007, ilifanana na ya Hitchcock kiasi kwamba wenye haki ya hadithi ya Cornell Woolrich ya mwaka 1942, iliyozaa Rear Window, walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 mahakama ya New York ilikataa madai yao, ikisema kwamba wazo la jumla la mtu kumchungulia jirani na kugundua uovu haliwi mali ya mtu mmoja.

Basi, neno la Kimi mwenyewe ni lipi? Mwaka 1954 dirisha lilifunguliwa na joto, na aliyechungulia alifanya hivyo kwa kukosa kazi. Mwaka 2022 dirisha hununuliwa kwa fedha na mwenye nyumba huliweka mezani kwa mkono wake. Tena anayedukiza ni mfanyakazi wa mshahara. Kwa hiyo mtihani wa Angela ni mtihani wa kila mwajiriwa. Kampuni iko mbioni kuuza hisa zake kwa umma, na mkubwa wake anamshauri aliache jambo hilo lipite. Akinyamaza, mshahara wake uko salama. Akisema, yeye mwenyewe yumo hatarini.

Katika Rear Window kuna tukio lisilosahaulika. Mbwa mdogo anakutwa amekufa uani, na mwenye mbwa, akilia, anawalaumu majirani wote kwamba wanaishi pamoja lakini hakuna anayemjali mwenziwe. Wote wanatoka madirishani kutazama, isipokuwa mmoja aliyebaki gizani na sigara yake inayowaka. Kisha kila mtu anarudi kwenye starehe zake.

Kimi inalijibu lile lalamiko. Angela anapotoka na kukamatwa barabarani, watu wasiomjua, waliokuwa katika maandamano, wanamwokoa mikononi mwa watekaji. Na jirani aliyezoea kumchungulia kwa darubini ndiye anayejitokeza kutaka kumsaidia, nusura ajiponze. Hivyo picha hii haimsifu mchunguliaji, wala haimhukumu kwa kutazama tu. Inamwuliza: umeona, umesikia, sasa utafanya nini?

Picha hizi si za watoto wadogo, hasa ya pili, yenye damu. Lakini wazazi na vijana wao waliokwisha pevuka wangefanya vema kuzitazama moja baada ya nyingine, ya mzee kwanza, kisha wazungumze. Wengi wetu tunaishi vyumba vinavyotenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na ukelele wa upande wa pili tunausikia bila darubini wala chombo. Kusema "hayo ni mambo yao ya ndani" ni rahisi. Jefferies, na mguu wake uliovunjika, hakusema hivyo. Angela naye, na woga wake wote, alikivuka kile kizingiti.