Kisafishaji cha Bwawa la Nyumbani: Tupime Umeme na Maji Pamoja



Dada yetu mmoja aliyehamia Kwa Vonza, katika Kaunti ya Kitui, ametuuliza swali. Wamejenga bwawa dogo la kuogelea ndani ya ua wenye ukuta mrefu, ili yeye na binti zake waogelee kwa stara, na sasa watafuta kisafishaji chenye kujiendesha kisichomaliza tokeni za umeme. Je, wachague kipi? Swali hili lawahusu pia wenye mabwawa majumbani huku kwetu pwani.

Visafishaji hivyo ni vya namna tatu. Cha kwanza ni kile kifyonzacho, kiungwacho kwa bomba na pampu kuu ya bwawa. Bei yake ni nafuu, ila hakiendi pasipo pampu hiyo. Cha pili husukumwa na maji ya kasi, na mara nyingi huhitaji pampu ya ziada. Cha tatu ni roboti, yenye mota na kichujio chake ndani, isiyotegemea pampu ya bwawa hata kidogo.

Tuanze na hesabu ya umeme. Pampu ya wati 1,100 ikienda saa 3 hutumia yuniti 3.3. Roboti ya wati 150 ikienda saa 2 hutumia yuniti 0.3, yaani sehemu moja kati ya kumi na moja. Hata hivyo ni haki tuseme kwamba pampu kuu haina budi kuendeshwa ili maji yachujwe, roboti iwepo isiwepo. Inachookoa roboti ni zile saa zinazoongezwa kwa ajili ya kusafisha tu. Ikiwa bwawa ni dogo na kifyonzaji humaliza kazi ndani ya saa za kawaida za kuchuja, basi hasara yake ya umeme ni ndogo.

Lakini kwa mkaazi wa Kwa Vonza, hesabu nzito ni ya maji. Eneo hilo, lililo makao ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ni la ukame. Wakulima wa huko hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Disemba, na kiangazi kikishika watu hufukua mchanga wa mito iliyokauka ili wapate maji. Bwawa la urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5 huchukua lita 48,000, sawa na mitungi 2,400 ya lita 20.

Kifyonzaji hupeleka taka katika kichujio cha mchanga. Kichujio kikijaa huoshwa kwa kupitisha maji kinyumenyume, na maji hayo humwagwa. Kwa mwendo wa lita 200 kwa dakika, dakika 3 humwaga lita 600, yaani mitungi 30. Nyumba itumiayo mitungi 5 kwa siku ingekaa nayo siku 6. Kile cha msukumo kina mfuko wake, lakini mfuko huo huzuia majani zaidi kuliko vumbi laini. Roboti hubaki na taka katika kikapu chake, na kikapu huoshwa kwa maji ya ndoo.

Kwa hivyo shauri letu kwa dada yetu ni hili. Kabla ya kisafishaji chochote, anunue turubai la kufunika bwawa. Maji yakipungua milimita 5 tu kwa siku kwa jua na upepo, bwawa hilo hupoteza lita 160, ambazo ni mitungi 8. Turubai huzuia sehemu kubwa ya hasara hiyo, na huzuia vumbi pia, hata kazi ya kusafisha ikapungua.

Kisha achukue roboti. Dukani asome wati zilizoandikwa kwenye kifaa, aulize kama kichujio chake chazuia vumbi laini, kama ina saa ya kujizima, kama waya wake wafika pembe zote za bwawa, na kama vipuri na fundi wapatikana Nairobi au Mombasa. Nyumba ikiwa na sola, aiendeshe mchana jua likiwa kali.

Lililo kubwa kuliko yote ni usalama. Mtu yeyote asiingie majini roboti ikifanya kazi. Fundi wa umeme aweke swichi ikatayo umeme mara unapovuja, na roboti itolewe bwawani kazi ikiisha. Turubai nalo lisihesabiwe kuwa kinga ya watoto: mlango wa ua ufungwe kwa komeo wasilolifikia.

Wabillahi tawfiq.