Sehemu ya 5: Kitabu cha malezi, mpe mtoto wa kiume

Mama zangu, baada ya sehemu ya 4 meseji zimejaa: "Nesi, hizo riwaya za vijana zinafundisha uhuni." Haya, tuongee.

Angie Thomas, mwandishi wa Marekani, alitoa Concrete Rose mwaka 2021. Maverick ana miaka 17, baba yake yuko jela. Kipimo kinaonyesha kichanga ni chake, na mama wa mtoto anamwachia. Kuanzia hapo ni nepi, maziwa, kilio usiku kucha, shule inamshinda. Na mimba nyingine inakuja! Uhuni uko wapi hapo? Mimi nimeona usingizi uliopotea na hela isiyotosha.

Kinachonikera ni hiki: binti akipata mimba, kliniki analetwa na mama yake, kichwa chini. Mvulana je? Yuko kwao anaangalia mpira. Hakuna aliyemwambia kitu, halafu kitabu kinachomwambia ndicho mnachotaka kukificha!

Kiingereza chake cha mtaani kinasumbua kidogo, someni naye. Binti mnamkalisha chini tangu avunje ungo. Huyu wa kiume mnamsubiria nini?