Amewekewa stenti: aanze mazoezi lini?

Mzee amerudi nyumbani baada ya kuwekewa stenti, kile kibomba kidogo cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa wa moyo ili damu iendelee kupita. Wewe ndiye unayemuuguza. Majirani wanakuja na matunda, na kila mmoja anakuambia lile lile: mwache apumzike, asiguse hata ndoo ya maji.

Kwa siku chache za mwanzo wanasema kweli. Pale mkononi au kwenye kinena alipopitishiwa mrija panahitaji kufunga, na kunyanyua vitu vizito huepukwa kwa takribani wiki moja. Taabu inaanza pale wiki inapogeuka kuwa miezi miwili ya kukaa kitini.

Baada ya stenti kuna hatua inayoitwa utengamao: mazoezi yanayopangwa na mtaalamu, elimu ya chakula na dawa, msaada wa kuacha sigara, na kuzungumzia hofu. (Hofu ni kubwa kuliko watu wanavyokiri, hasa kwa wanaume.) Kwa miaka mingi mgonjwa aliitwa baada ya mwezi au zaidi. Watafiti wa hospitali moja ya Detroit, Marekani, waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 148 ambao hawakupasuliwa kifua. Wengine walipewa miadi ndani ya siku 10 baada ya kuruhusiwa, wengine baada ya siku 35. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kuwa katika kundi la mapema walifika asilimia 77, na katika kundi la pili asilimia 59. Mimi sishangai. Mwezi ukipita mtu anajiona amepona, kazi inamwita, na nauli imeshakwenda kwenye ada ya shule.

Aliyepasuliwa kifua ana hesabu yake, maana mfupa wa kifua huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Hata hivyo, utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kuwa walioanza mazoezi wiki 2 baada ya upasuaji waliendelea vizuri sawa na waliosubiri wiki 6. Lakini hao walisimamiwa na wataalamu. Usijaribu peke yako.

Kwetu stenti zinawekwa Dar es Salaam na Nairobi, ila vituo vya utengamao wa moyo ni vichache, na mgonjwa anarudi mkoani. Kwa hiyo uliza kabla hajaruhusiwa: aanze kutembea siku gani, dakika ngapi, aongeze vipi, na nimpigie nani simu? Kama karatasi ya kuruhusiwa ina dawa na tarehe ya kliniki tu, rudi dirishani ukaulize. Mwenye moyo dhaifu au mapigo yasiyo sawa asubiri ruhusa ya daktari wake.

Akisharuhusiwa, mtembee pamoja asubuhi kukiwa na ubaridi, mahali tambarare, dakika chache mara mbili kwa siku. Mwongeleshe njiani. Akishindwa kumaliza sentensi, punguzeni mwendo. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata, mkalishe papo hapo. Maumivu yasipoachia, mpeleke hospitali mara moja. Na zile dawa za kuzuia damu kuganda zisiachwe hata siku moja bila daktari kusema, hata kama mzee anasema amechoka kumeza vidonge.